Dakika Tano kwa Mmoja, Mbili kwa Mwingine: Mwongozo wa Kugawa Muda wa Maelekezo ya Dawa Dirishani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wafamasia, wateknolojia wa dawa na watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu mkoani Tanga, wawe wanahudumia dirisha la Hospitali ya Bombo, famasi ya binafsi katika barabara za Ngamiani, au duka dogo la Pongwe ambako mtoa dawa ni mmoja tangu asubuhi hadi jioni. Karibu wote hulalamikia jambo moja, kwamba foleni ni ndefu na muda wa kuzungumza na mgonjwa haupo. Lalamiko hilo lina ukweli. Hata hivyo, kwa maoni yangu sehemu kubwa ya tatizo iko katika mgawanyo, kwa sababu tunampa kila mgonjwa muda uleule mfupi, aliyeandikiwa paracetamol ya siku tatu sawasawa na aliyeanzishiwa insulini leo, na matokeo yake huyu wa pili anaondoka na dawa asiyojua kuitumia. Hatua zinazofuata zinaeleza namna ya kupanga upya dakika zilezile tulizonazo.

Hatua ya kwanza: Pima hali ilivyo sasa

Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa kuchunguza matumizi ya dawa katika vituo vya afya, na miongoni mwa vipimo vyake kuna viwili vinavyotuhusu hapa. Cha kwanza ni muda wa kutoa dawa, ambao huhesabiwa tangu mgonjwa anapofika dirishani hadi anapoondoka na dawa zake, bila kuhesabu muda aliokaa kwenye foleni. Cha pili ni iwapo mgonjwa anayeondoka anajua namna ya kutumia dawa alizopewa. Vipimo hivi viwili vipimwe pamoja, kwa kuwa muda mrefu usioacha ujuzi wowote kwa mgonjwa ni muda uliopotea.

Tumia saa ya simu na daftari. Pima wagonjwa 30 hivi, na uwagawe katika siku na saa tofauti, kwa mfano Jumatatu asubuhi, siku ya kliniki ya sukari, na Ijumaa kabla ya swala, wakati kila mtu ana haraka. Anayepima asiwe yule anayetoa dawa, kwa sababu mtu akijua anajipima hubadilika bila kukusudia. Mgonjwa akishatoka dirishani, aombwe kwa adabu aeleze kila dawa ni ya nini, atameza kiasi gani na saa ngapi, na kwa siku ngapi. Andika majibu yake kama alivyoyasema, kwa maneno yake mwenyewe, maana makosa yake ndiyo yatakayokuonyesha mahali ambapo maelekezo yako hayafiki.

Hatua ya pili: Punguza kazi zinazokula dakika

Chukua mfano wa dirisha linalohudumia wagonjwa 120 kwa saa 6. Kila mgonjwa ana dakika 3, na ndani ya dakika hizo kuna kusoma cheti cha daktari, kutafuta dawa kwenye rafu, kuhesabu vidonge, kuandika bahasha, kuingiza taarifa kwenye kompyuta au leja, na mara nyingine kusubiri mtandao wa bima ufunguke. Mazungumzo na mgonjwa hupewa sekunde zilizobaki, na mara nyingi hazibaki.

Kabla ya kufungua dirisha, fungasha dozi za dawa zinazotoka sana, uandike juu ya kila bahasha jina la dawa, nguvu yake, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Usifungashe za mwezi mzima, kwa kuwa joto na unyevunyevu wa pwani yetu huharibu haraka vidonge vilivyotolewa katika kopo lake. Za siku chache zinatosha. Kama mko wawili, mmoja asome cheti na kuandaa dawa, mwingine akabidhi na kuzungumza, na mpangilio huo una faida ya ziada kwamba kosa la wa kwanza lina nafasi ya kuonwa na wa pili. Kama uko peke yako, kila cheti kiwe na trei yake na dawa zake, wala usichanganye za watu wawili mezani kwa nia ya kuokoa muda. Anayezungumza na mgonjwa asipokee simu.

Hatua ya tatu: Tenga wanaohitaji muda mrefu

Swali moja linatosha kuanza kazi ya kutenga: "Umewahi kutumia dawa hii?" Anayejibu hapana kwa dawa ya muda mrefu anaingia moja kwa moja katika kundi la muda mrefu. Wengine wa kundi hilo ni mama mwenye mtoto mchanga, mjamzito, anayepewa kifaa kama inhela ya pumu au sindano ya insulini, mzee mwenye dawa tano au zaidi, anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, na yule aliyeruhusiwa kutoka wodini akiwa na dawa zilizobadilishwa huku zile za zamani zikimngoja kabatini nyumbani. Huyo wa mwisho husahaulika sana, naye yuko hatarini kuliko wengi, kwa sababu asipoambiwa waziwazi kwamba dawa fulani imesimamishwa atameza zote, mpya na za zamani. Weka alama ya kalamu ya rangi kwenye kona ya cheti, ili anayekabidhi ajue kabla hajafungua mdomo.

Sasa rudi kwenye mfano wetu. Tuseme kati ya wale 120 wapo 20 wanaostahili dakika 5 kila mmoja. Hao watachukua dakika 100 kati ya dakika 360 za siku nzima, zibaki dakika 260 kwa wagonjwa 100, yaani dakika 2 na sekunde 36 kwa kila mmoja. Wengine wote wamepunguziwa sekunde 24 tu, na sekunde hizo zinapatikana kwenye vidonge ulivyokwisha kufungasha asubuhi. Ninaomba kila msimamizi wa famasi aifanye hesabu hii kwa namba za dirisha lake mwenyewe, kwani nimeona watu wengi wakikata tamaa kwa kudhani kwamba kumpa mgonjwa mmoja dakika tano maana yake ni kuwapa wote.

Anayerudia dawa yake ya kila mwezi naye asipite kimya. Muulize, "Umeendeleaje nayo?" Mara nyingi hapo ndipo utakaposikia kwamba miguu imevimba tangu aanze amlodipini, au kwamba kikohozi kikavu kimemshika tangu aanze kaptoprili, zote mbili dawa za presha, mambo ambayo hakuona kama yana uhusiano na dawa na kwa hiyo hakumweleza daktari.

Hatua ya nne: Anza kwa kuuliza, malizia kwa kusikiliza

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1990, ambayo kwa upande huu ilianza kutumika Januari 1993, iliwataka wafamasia wajitolee kuwashauri wagonjwa wanaohudumiwa na Medicaid, mpango wa serikali wa matibabu kwa wenye kipato kidogo. Kujitolea kushauri ni jambo jema, lakini lina udhaifu wake: ukimuuliza mgonjwa aliyechoka na foleni kama ana swali lolote, atajibu hapana, naye atakuwa ameondoka. Bora zaidi ni utaratibu uliobuniwa na wafamasia wa idara ya afya inayohudumia wenyeji asilia wa Marekani, ambao huanza kwa maswali matatu: daktari amekwambia dawa hii ni ya nini, amekwambia uitumie vipi, na amekwambia utarajie nini. Majibu yanakuonyesha anachokijua tayari, nawe unajaza pengo tu, badala ya kuhubiri mambo yote kwa kila mtu.

Tazama mazungumzo ya aina ambayo mtu yeyote aliyekaa dirishani anayafahamu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo bibi. Daktari amekwambia dawa hii ni ya nini?"

"Ya presha."

"Na amekwambia uitumie vipi?"

"Kimoja. Kichwa kikinigonga nameza kimoja, kikitulia naacha."

Kama mtoa dawa angeanza kwa kusema "kimoja kila siku asubuhi, bibi", bibi angeitikia vizuri sana na kwenda nyumbani kuendelea na utaratibu wake wa kichwa. Swali limefichua kosa ambalo maelekezo yasingeligusa. Sasa dakika zilizobaki zina kazi moja mahsusi, nayo ni kumweleza kwamba presha hupanda bila kichwa kuuma, kwamba dawa humlinda na kiharusi siku ambazo anajisikia mzima kabisa, na kwamba ikikaribia kuisha arudi kabla haijaisha.

Kisha mwombe akuelezee wewe. Usimuulize "Umeelewa?", kwa sababu hakuna mtu mzima mwenye heshima zake atakayekubali mbele ya foleni kwamba hajaelewa. Jitwike mzigo mwenyewe: "Bibi, nataka kuhakikisha kwamba nimekueleza vizuri, ukifika nyumbani mjukuu akikuuliza dawa hii inanywewa vipi, utamwambiaje?" Akikosea, rekebisha sehemu aliyokosea tu, kisha mwombe aseme tena. Inapofanyika kwa utulivu, kazi hii haichukui hata dakika moja.

Hatua ya tano: Andika bahasha inayosomeka nyumbani

Bahasha nyingi zinaandikwa "1×3" au "2×2" na basi. Aliyesomea kazi hii anajua maana yake. Mgonjwa anaona hesabu ya kuzidisha, na wapo wanaomeza vidonge vitatu kwa mara moja. Andika kwa maneno na uweke saa kama watu wanavyozitaja: kidonge kimoja saa 12 asubuhi, kimoja saa 8 mchana, kimoja saa 4 usiku. Kwa dawa ya mara mbili, saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Kama mgonjwa hasomi, chora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, na uweke idadi ya vidonge kwa vitone chini ya kila mchoro. Andika pia dawa ni ya nini, kwa sababu nyumba yenye wazee wawili ina mifuko ya dawa inayofanana, na katika giza la kukatika umeme bahasha zote ni moja.

Kwa dawa za maji za watoto, kijiko cha jikoni hakifai kuwa kipimo, kwani vijiko vya nyumbani havilingani. Mpe mama kijiko cha kupimia au bomba la sindano lisilo na sindano, na umwonyeshe kwa kidole mstari wa mililita 5 au wowote unaomhusu mtoto wake. Kama ni antibiotiki ya unga, ichanganye mbele yake kwa maji yaliyochemshwa na kupoa: tikisa chupa unga uachane, weka maji kiasi, tikisa, kisha ongeza hadi kwenye mstari. Mwambie atikise chupa kila kabla ya kumpa mtoto, na uandike juu yake tarehe ya kuitupa kama maelezo ya mtengenezaji yanavyosema.

Hatua ya sita: Jua dawa zinazostahili dakika zako

Dawa ya mseto ya malaria, yaani ALu, inahitaji maelezo kuliko watu wanavyodhani kwa sababu imezoeleka. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, jumla dozi sita. Aliyeanza saa 4 asubuhi atameza tena saa 12 jioni ya siku hiyohiyo. Mwenye kilo 35 au zaidi humeza vidonge vinne kila mara, jumla 24. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta, na hapa Tanga hilo si jambo gumu, kwa kuwa maziwa au wali wa nazi unatosha. Akitapika ndani ya nusu saa anapaswa kurudia dozi hiyo, kwa hiyo aambiwe arudi kuchukua ya kufidia ili pakiti yake isipungukiwe. Na aambiwe waziwazi kwamba homa itashuka kabla dawa haijaisha, na kwamba asiwekee akiba vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mtoto mwingine.

Insulini ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Chupa ambazo hazijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na isigandishwe kamwe. Iliyoganda itupwe hata kama imeyeyuka na inaonekana nzuri. Chupa inayotumika huweza kukaa nje ya jokofu kwa takriban wiki 4 mahali pa baridi kiasi, kufuatana na maelezo ya mtengenezaji. Muulize mgonjwa kama ana jokofu, na uulize kwa namna isiyomtia aibu. Asipokuwa nalo, chupa iwekwe kwenye kifuko cha plastiki kisichopitisha maji, ndani ya chungu cha udongo kilichowekwa kwenye mchanga mbichi pembeni mwa nyumba penye kivuli na upepo, na apewe chupa chache kwa kila awamu. Mwache ajidunge au ajifanye anajidunga mbele yako. Mweleze dalili za sukari kushuka, ambazo ni jasho, mtetemeko, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa, na kwamba zikimjia anywe maji ya sukari papo hapo.

Kwa inhela, maneno peke yake hayafundishi. Shika yako ya mfano, itikise, toa pumzi, funga midomo kuizunguka, bonyeza huku ukianza kuvuta pumzi taratibu, shikilia pumzi kwa sekunde 10, subiri kama nusu dakika kabla ya kuvuta mara ya pili. Kisha mpe naye aonyeshe. Kwa mtoto, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa umbo la mdomo wa inhela hufanya kazi ya kifaa cha kuhifadhi mvuke inapokosekana cha dukani. Kama dawa iliyomo ni ya jamii ya steroidi, asukutue mdomo baada ya kuvuta.

Nyingine zitajwe kwa ufupi. Methotreksati ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki, na siku hiyo itajwe kwa jina na kuandikwa, kwa kuwa kuimeza kila siku kunaweza kuua. Vidonge vya madini ya chuma visimezwe pamoja na chai, na mama aambiwe mapema kwamba choo kitakuwa cheusi ili asiviache kwa hofu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hugeuza mkojo kuwa na rangi ya machungwa na hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Doksisaiklini, ambayo ni antibiotiki, imezwe kwa maji mengi na mtu asilale papo hapo. Na kwa kuwa matunda ya Muheza yanafika hadi mlangoni petu, itafaa kumwambia anayetumia nifedipini ya presha au simvastatini ya kupunguza kolesteroli kwamba machungwa ya kawaida hayana neno, ila balungi aliache.

Hatua ya saba: Linganisha dozi na maisha ya mgonjwa

Katika mwezi wa Ramadhani wapo wagonjwa wengi ambao hubadilisha saa za dawa bila kumwambia mtu, nasi tukikaa kimya tunawaacha wajitibu. Anza kuwauliza mwezi wa Shaabani. Dawa za mara moja au mbili kwa siku mara nyingi hupangika kati ya futari na daku. Za mara tatu zinahitaji daktari atafute mbadala unaodumu zaidi mwilini. Mwenye sukari anayetumia glibenklamidi au insulini asihamishe dozi yake ya asubuhi kwenda daku kwa uamuzi wake, kwa sababu sukari inaweza kushuka mchana akiwa na njaa. Huyu lazima arudi kwa daktari, na akiambiwa asifunge, unaweza kumkumbusha kwa upole kwamba dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa.

Mvuvi anayelala baharini na karabai lake ana saa tofauti na karani wa ofisini. Dawa ya kukojoa inayoandikwa "asubuhi" humfaa anayeamka asubuhi. Muulize anaamka saa ngapi, anakula saa ngapi, na dawa ataibeba katika nini isilowe.

Hatua ya nane: Linda faragha

Mji wetu ni mdogo na watu wanajuana. Mama anayechukua dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hawezi kuuliza lolote iwapo jirani yake amesimama nyuma yake kwenye foleni hatua moja, na dakika zako tano hazitamfaa kitu. Chora mstari sakafuni ambapo anayefuata atasubiri, shusha sauti, na kwa mazungumzo ya ndani tafuta benchi pembeni au chumba hata kiwe stoo iliyosafishwa. Usitaje jina la ugonjwa kwa sauti. Onyesha kwa kidole kwenye cheti. Baraza la Famasi, linalosimamia taaluma hii chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, linatutarajia tutunze siri za mgonjwa, na siri huanza kuvuja pale dirishani.

Hatua ya tisa: Piga simu wiki ya pili

Nchini Uingereza, tangu mwaka 2011, famasi za England zina huduma ya mgonjwa aliyeanza dawa mpya ya ugonjwa wa muda mrefu, ambapo mfamasia humtafuta tena baada ya siku 7 hadi 14 na kumuuliza anaendeleaje. Sisi hatuna malipo ya kazi hiyo, lakini simu tano kila alasiri, foleni inapopungua, zinawezekana. Omba ruhusa na namba siku ya kwanza. Swali la kwanza liwe "Tangu uanze, ni mara ngapi dawa imekupita?", kwa sauti inayoonyesha kwamba dawa kumpita mtu ni jambo la kawaida, maana anayeogopa kukaripiwa atasema hajakosa hata siku moja.

Baada ya miezi mitatu rudia vipimo vya hatua ya kwanza, kwa siku na saa zilezile. Muda ukiwa umeongezeka na wagonjwa bado hawajui saa za kumeza, kaa pembeni usikilize mazungumzo yenyewe, na hasa uangalie kama mtoa dawa anamwacha mgonjwa aseme. Ujuzi ukiwa umeongezeka kwa kundi la muda mrefu lakini umeshuka kwa wengine, umewakata dakika nyingi mno. Angalia bahasha zao kwanza, kabla ya kugusa ratiba.